Umeshikishwa Ufunguo wa Maktaba ya Shule? Anzia Hapa

Kila Januari maswali ni yale yale. Kikao cha kwanza cha walimu kimekaa, majukumu yamegawanywa: huyu michezo, yule nidhamu, mwingine chakula. Wewe ukaambiwa, "Mwalimu, maktaba." Hukusomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba. Somo lako ni Kemia au Historia, vipindi vyako ni vile vile ishirini na kitu kwa wiki, na sasa una ufunguo wa chumba chenye vumbi na maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu yaletwe. Nianzie wapi? Nahitaji kompyuta? Dewey ni nini? Vitabu vikipotea nitakatwa mshahara?

Nimeandika mwongozo huu ili nisijibu maswali hayo mmoja mmoja kwa simu. Unaihusu zaidi shule ya sekondari ya serikali Tanzania. Wa shule binafsi au wa msingi atabadilisha kidogo kwenye fedha, mengine ni yale yale. Sitazungumzia namna ya kuwafundisha wanafunzi kupenda kusoma. Hapa ni kazi ya ofisini: kupokea, kusajili, kuazimisha, kuomba fedha, kutoa taarifa na kukabidhi.

Kwanza nikuambie kosa langu ili usilirudie. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na kupendezesha. Nilibandika namba za Dewey (mpango wa kupanga vitabu kwa mada, tutaufikia Hatua ya 4) kwenye vitabu kama mia tatu, nikapaka rangi shelfu, nikaandika "KIMYA" kwa herufi kubwa ukutani. Wathibiti ubora walipofika wakauliza swali moja tu: "Vitabu viko vingapi?" Sikuwa na jibu. Rangi ilikuwa nzuri sana.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Daftari kubwa la jalada gumu, lile la kaunta. Chukua mawili: moja la kusajili vitabu, la pili la kuazimisha.
- Mhuri wa shule, au bora zaidi mhuri wa maktaba wenye jina la shule na nafasi ya namba. Na pedi yenye wino.
- Kalamu za wino mweusi. Penseli hapana, na ya rangi hapana.
- Gundi nyeupe, selotepu pana, mkasi, karatasi za manila.
- Vitambaa vya vumbi na barakoa. Usicheke: vumbi la maboksi ya miaka sita litakulaza.
- Barua ya uteuzi yenye sahihi ya mkuu wa shule. Watu wengi huiruka hii. Bila barua, kitabu kikipotea wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo. Ukidai shelfu, wewe ni nani?
- Wanafunzi wanne au watano wa kukusaidia, ikiwezekana wa Kidato cha Kwanza au cha Tatu. Ukichukua wa Kidato cha Nne, Novemba wamekwenda na ujuzi wao.

Kompyuta siyo lazima. Ukiwa nayo, vizuri; tutafika huko.

Hatua ya 1: Kabidhiwa kwa maandishi

Usipokee ufunguo kwenye korido. Ingia chumbani na aliyekuwepo, au na makamu mkuu wa shule kama mtangulizi wako amehama, na mwandike mnachokiona: shelfu ngapi, meza ngapi, viti vingapi vizima na vingapi vibovu, madaftari gani yapo, maboksi mangapi. Wote wawili wekeni sahihi na tarehe. Nakala tatu: yako, ya mtangulizi na ya ofisi ya mkuu.

Kama mtangulizi hana rejesta, andika hivyo hivyo: "Rejesta ya vitabu haikuwepo wakati wa makabidhiano." Sentensi hiyo fupi itakulinda kuliko maelezo ya kurasa tatu utakayoyatoa baadaye.

Hatua ya 2: Hesabu, kisha chambua

Toa kila kitu shelfuni. Kila kitu. Tandika mikeka au unganisha meza, kisha gawa mafungu manne:

Vya kiada, yaani vile vinavyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kwa kila somo na darasa. Vya ziada. Vya rejea, kama kamusi, atlasi na ensaiklopidia. Na vya kusoma kwa burudani: riwaya, tamthiliya, ushairi, magazeti.

Kuna fungu la tano litakalojitokeza lenyewe, nalo ni takataka za heshima. Vitabu vya msaada kutoka mbali, vya kodi za nchi nyingine au programu za kompyuta za zamani, ambavyo hakuna mwanafunzi wako atakayevifungua. Viweke pembeni, lakini usivitupe bado. Kitabu cha shule ya serikali ni mali ya umma hata kikiwa hakina faida. Namna ya kukiondoa iko Hatua ya 10.

Onyo la pili kwenye kuchambua: mitaala iliyoboreshwa ya 2023 ilianza kutekelezwa 2024 kwa awamu. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa shule moja ina madarasa ya mtaala mpya na ya mtaala wa zamani. Usiondoe kitabu cha zamani kwa sababu tu umeona jalada jipya. Muulize mwalimu wa somo.

Hatua ya 3: Sajili kila nakala

Hapa ndipo kazi yako ilipo. Ukifanya hatua hii peke yake na ukaacha nyingine zote, tayari una maktaba. Usipoifanya, una stoo.

Chora daftari kubwa safu hizi: tarehe ya kupokea, namba ya kitabu, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka, kimetoka wapi (kimenunuliwa, cha serikali, cha msaada), bei, na safu pana ya maelezo mwishoni. Mstari mmoja, nakala moja.

Narudia hapo kwa sababu ndipo kila anayeanza anapoteleza. Ukipokea nakala 40 za Fizikia, Kidato cha Pili, hizo ni mistari 40 na namba 40. Ukiandika mstari mmoja "Fizikia × 40", mwezi wa tano zitakuwa 31 na hutajua zilizopotea ni zipi wala nani alikuwa nazo.

Namba ziende mfululizo: 0001, 0002, 0003, bila kujali somo. Usianze Biolojia upya na 0001, maana utakuwa na vitabu tisa vyenye namba moja. Kitabu kikipotea, namba yake hairithiwi na kingine. Andika tu "kimepotea" na tarehe kwenye maelezo.

Ukishaandika, gonga mhuri sehemu tatu: ukurasa wa jina la kitabu, ukurasa wa mwisho, na ukurasa mmoja wa siri wa ndani. Chagua namba yako, tuseme ukurasa wa 27, na ubaki nao kwa vitabu vyote. Mwizi huchana ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa 27 haujui. Kitabu chako ukikikuta kinauzwa kwenye meza ya vitabu vya mtumba, utafungua hapo hapo na mabishano yataisha. Kwa vitabu vyembamba chagua namba ya chini zaidi.

Kwa kasi ya mwalimu mmoja na wasaidizi wanne, mmoja akisoma, mmoja akiandika, wawili wakigonga mhuri na mmoja akibandika, vitabu mia kwa alasiri moja vinawezekana. Vitabu 1,500 ni wiki tatu. Mwandishi awe mmoja tu, mwenye mwandiko unaosomeka.

Hatua ya 4: Panga shelfu

Sasa Dewey. Ni mpango wa Mmarekani Melvil Dewey uliochapishwa mara ya kwanza 1876, unaogawa maarifa katika makundi kumi: 000 kazi za jumla, 100 falsafa na saikolojia, 200 dini, 300 sayansi za jamii, 400 lugha, 500 sayansi, 600 teknolojia, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Ndani yake utakuta Hisabati 510, Fizikia 530, Kemia 540, Biolojia 570, Kilimo 630, utunzaji wa hesabu 657, Jiografia 910, na historia ya Tanzania 967.8.

Kwa shule nyingi tarakimu tatu zinatosha. Chini ya namba weka herufi tatu za kwanza za jina la ukoo la mwandishi.

Mahali pamoja patakukera, na una haki ya kukereka: Kiswahili. Kwa Dewey, fasihi ya Kiingereza imekaa vizuri kwenye 820. Lugha ya Kiswahili imesukumwa hadi 496.392 na fasihi yake 896.392, mwisho kabisa wa shelfu. Usimwandikie mtoto wa Kidato cha Kwanza namba ya tarakimu sita. Tenga shelfu nzima karibu na mlango, andika KISWAHILI, kisha gawa kwa herufi: R riwaya, T tamthiliya, U ushairi, L lugha. Hakuna polisi wa Dewey atakayekukamata.

Vya kiada vipangwe kwa somo na kidato, siyo kwa Dewey. Vya rejea viwe na alama nyekundu mgongoni: havitoki.

Hatua ya 5: Andika kanuni za ukurasa mmoja

Kanuni za kurasa kumi hazisomwi. Andika: nani anaazima, vitabu vingapi (viwili vinatosha), kwa siku ngapi (siku saba kwa vya burudani, vya kiada kwa muhula), nini hakitoki, na nini hufanyika kitabu kikipotea. Mpelekee mkuu wa shule asaini, kisha isomwe mstarini na kubandikwa mlangoni.

Kwenye kipengele cha kupotea, kuwa mwangalifu. Pendekeza kulipa kitabu kwa kitabu, yaani mzazi anunue nakala ile ile. Usijiamulie faini za fedha taslimu, na fedha za wanafunzi zisiingie mfukoni mwako hata kwa nusu saa. Kama uongozi umeamua kuwe na malipo, yapitie kwa mhasibu na stakabadhi itolewe.

Hatua ya 6: Weka ratiba na wasaidizi

Wewe una vipindi. Huwezi kukaa maktaba siku nzima. Tafuta saa ambazo kweli utakuwepo, hata kama ni mapumziko ya saa nne na saa moja baada ya vipindi, uzibandike mlangoni na uziheshimu. Maktaba inayofunguliwa kila siku kwa dakika arobaini inawafaa wanafunzi kuliko ile inayofunguliwa siku nzima mgeni akija.

Wasaidizi wapewe zamu ya wawili wawili, na kila mmoja awe na kazi yenye jina: wa mezani, wa shelfu, wa ukarabati. Ufunguo haukai kwa mwanafunzi. Ufunguo wa akiba uwe ofisini kwa mkuu, ndani ya bahasha yenye sahihi yako.

Hatua ya 7: Azimisha kwa daftari

Safu: tarehe, jina la mwanafunzi, kidato na mkondo, namba ya kitabu, jina la kitabu, tarehe ya kurudisha, sahihi ya kuchukua, tarehe aliyorudisha, sahihi yako. Gawa daftari kwa mikondo, kurasa kadhaa kila mkondo, ili ukitaka kujua 2B wanadaiwa nini usipekue mwaka mzima.

Kabla kitabu hakijatoka, kifungue mbele ya mwanafunzi. Kama kurasa zimechanika, andika hapo hapo. Kikirudi, kifungue tena.

Walimu nao wasaini. Naam, walimu. Kwa uzoefu wangu vitabu vingi havikupotelea mikononi mwa wanafunzi. Vilipotelea kwenye kabati za ofisi ya walimu, vikahama mkoa pamoja na waliovichukua. Mwalimu mwenzako atakuambia, "Nachukua mara moja tu, nakurudishia saa nane." Mpe kalamu. Ukimfungulia ukurasa wake na yeye akaona makamu mkuu amesaini juu yake, hatalalamika. Kwa hiyo anza na makamu.

Ukiwa na kompyuta, jedwali la kawaida la Excel au LibreOffice Calc linatosha kwa vitabu elfu mbili au tatu: karatasi moja ya rejesta, moja ya kuazima. Utasikia habari za Koha, programu ya maktaba iliyoanzia New Zealand na kutumika tangu 2000, nayo haiuzwi. Ni nzuri sana, ila inataka seva na mtu wa kuihudumia, na siku mtu huyo akihamishwa, maktaba inahama naye. Daftari liwe ndiyo mama. Kompyuta iwe msaidizi. Nakili jedwali kwenye flashi kila Ijumaa na flashi hiyo isikae chumba kimoja na kompyuta.

Hatua ya 8: Omba fedha kwa hesabu

"Maktaba inahitaji vitabu" si ombi. Kila maktaba inahitaji vitabu. Andika hivi: "Kidato cha Pili wako 160. Nakala za Biolojia zinazosomeka ni 20. Wanafunzi 8 wanagawana kitabu kimoja. Zikiongezwa 20, watagawana 4." Ombi la namna hiyo mkuu wa shule anaweza kulibeba kwenye kikao cha bodi bila wewe kuwepo.

Lipeleke kabla bajeti ya shule haijafungwa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na ukija na orodha yako mwezi wa sita umeshachelewa. Weka na vitu vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka: gundi, wino wa mhuri, dawa ya mchwa, balbu.

Wewe unapendekeza, hununui. Ununuzi wa umma una taratibu zake na sasa unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Kazi yako ni kutoa orodha sahihi: jina kamili, mwandishi, mchapishaji, toleo na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu). Ukikosea toleo utaletewa la zamani, na aliyeleta hatakuwa na kosa. Kwa vitabu vya ziada, hakikisha vina ithibati ya Kamishna wa Elimu.

Mzigo ukifika, hesabu kabla ya kusaini hati ya mapokezi. Dereva atasema ana haraka. Hesabu.

Hatua ya 9: Toa taarifa

Ukurasa mmoja kila mwisho wa muhula: vitabu vilivyopo, vilivyoingia, vilivyopotea, vilivyoazimwa kwa kila kidato, na mambo mawili unayoomba. Nakala moja kwa mkuu, moja kwa mwalimu wa taaluma, moja kwenye faili lako.

Hatua ya 10: Funga mwaka

Wiki mbili kabla ya mitihani ya Novemba kusanya vya Kidato cha Nne na cha Pili. Usisubiri mtihani uishe. Siku ya mtihani wa mwisho wanakimbilia basi. Kwa shule zenye Kidato cha Sita fanya hivyo Aprili.

Kisha funga maktaba siku tatu, pitia rejesta namba kwa namba ukitia alama kwa penseli ya rangi (hapa tu ndipo inaporuhusiwa): kipo, kimeazimwa, hakionekani. Kisichoonekana miaka miwili mfululizo kiorodheshe kama kilichopotea.

Vibovu na visivyofaa viorodheshe kwa namba, jina na sababu, peleka orodha kwa mkuu wa shule, na usubiri utaratibu wa kufuta mali chakavu ukamilike kwa maandishi. Usichome, usigawe, usiwape wauza maandazi wafungie, hata kama kinanuka. Vikishafutwa rasmi, piga mstari mmoja mwekundu kwenye rejesta na uandike namba ya barua iliyoruhusu.

Mambo yanapokwama

*Rejesta ya zamani ipo lakini hailingani na vitabu.* Usiirekebishe na usiichane. Ifunge kwa mstari, tarehe na sahihi ya mkuu, kisha fungua mpya. Ya zamani itunze.

*Mchwa.* Vuta shelfu ziachane na ukuta shubiri moja, miguu yake iwe juu ya matofali, na pasiwe na boksi sakafuni. Kagua nyuma ya shelfu kila Jumatatu. Ukiona njia ya udongo, hamisha vitabu leo, dawa kesho.

*Ukungu.* Kwa walio Tanga, Lindi au Pemba hili halikwepeki. Fungua madirisha mchana, usibananishe vitabu, na kilicholowa kianikwe kivulini kimesimama na kurasa zimefunguka. Jua kali hukunja jalada.

*Wanafunzi wanachana kurasa.* Mara nyingi wanachana kwa sababu hawana namna ya kunakili. Ongeza muda wa kukaa maktaba jioni, weka meza yenye karatasi chakavu za kuandikia, na kitabu kinachochanwa sana kihamishie nyuma ya meza yako. Kudurufu kitabu kizima, hata hivyo, siyo dawa: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyekiandika.

*Vitabu havitoshi na fedha hakuna.* TET ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Vinavyoruhusiwa kupakuliwa, vipakue shuleni au mjini penye mtandao, uviweke kwenye kompyuta ya maktaba visomwe bila intaneti. Pia nenda maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kuwashauri watu kama wewe ni sehemu ya kazi yao, na Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka Bagamoyo kiko chini ya bodi hiyo hiyo, kwa siku utakapotaka kuisomea kazi hii kweli.

*Wadaiwa ni wengi mno.* Orodha impelekee mwalimu wa darasa, kila mmoja ya darasa lake. Usisome mstarini nani kaazima kitabu gani. Binti aliyechukua kitabu cha afya ya uzazi akitajwa mbele ya shule nzima, hakuna mwingine atakayekigusa tena.

*Mkuu wa shule anataka maktaba ifungwe ili vitabu visiharibike.* Nimekutana nalo zaidi ya mara moja. Usibishane kwa hoja za elimu; anazijua. Mwonyeshe daftari: mwezi huu vimetoka 212, vimerudi 209, na majina ya wale watatu ni haya. Kwa kawaida anachokiogopa ni kuulizwa vilipo na akose jibu.

*Umehamishwa ghafla, barua inasema uripoti ndani ya siku kumi na nne.* Rudi Hatua ya 1, safari hii wewe ndiye unayekabidhi. Usiondoke bila nakala yako yenye sahihi mbili.